Maneno ya mezani pa ofisa yaelezwe kwa Kiswahili

Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa ikiwalinda Waprotestanti wa nchi yake, na maelfu yao wakavuka bahari kwenda Uingereza. Waingereza waliwapokea watu hao pamoja na jina walilokuja nalo, wakaliandika na kulitamka walivyoweza. Ndivyo neno "refugee" lilivyoingia katika Kiingereza: jina la kundi moja la Wafaransa, lenye mzizi wa Kilatini unaomaanisha mahali pa kukimbilia. Kwa zaidi ya karne mbili neno hilo lilimtambua mtu kwa mlango anaoubisha. Ilipofika 1914, Wabelgiji wapatao 250,000 walipoingia Uingereza wakiyakimbia majeshi ya Ujerumani, lilianza kumtaja yeyote aliyeng'olewa kwao na vita, awe amepata pa kujihifadhi au bado yuko njiani. Kiswahili chetu kimesimama upande huo wa pili: mkimbizi tunamjua kwa kukimbia, hata akiwa ametulia mahali pamoja miaka 30. Waganda wao husema abanoonyi b'obubudamu, watafutao hifadhi. Mtu ni yule yule, lakini lugha tatu zimemkamata katika hatua tatu za safari yake.

Historia hii ina uzito wa pekee katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, ambako neno moja la Kiingereza huamua nani apimiwe kiwanja, nani apunguziwe mgao na nani apande ndege. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, na leo yana watu zaidi ya 150,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Lugha ya faili zao ni Kiingereza, na wengi wao hawakukulia katika Kiingereza. Kila panapotokea kutoelewana, jibu la haraka huwa kwamba mkimbizi hajui maana sahihi ya neno. Nasema jibu hilo halina msingi. Maneno ya Kiingereza yanayotumika mezani pa ofisa yamehama maana mara nyingi kabla ya kufika hapa, na yanaendelea kuhama. Kwa hiyo mzigo wa kuyaeleza ni wa ofisi, na maelezo hayo yatolewe kwa Kiswahili, kwa maandishi, kabla mtu hajatia sahihi au dole gumba.

Kuhama kwa maana peke yake si dhara. Neno la Kiingereza la mpaka, lililopigwa kelele na waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya Kenya na Uganda, limekuwa boda boda, na leo pikipiki inayobeba mtu kutoka stendi ya Mbarara hadi Kakoba haivuki mpaka wowote. Ndani ya teksi za mji huo abiria akikuambia "extend" anataka usogee. Ukijikwaa barabarani, asiyehusika kabisa atakuambia "sorry", kwa maana ya pole yetu, na Mwingereza mgeni anaweza kujiuliza huyu ameomba radhi ya kosa gani. Hakuna anayepata hasara, kwa sababu msemaji na msikilizaji wamekubaliana, na asiyeelewa anauliza papo hapo. Ofisini mambo ni tofauti. Huko upande mmoja umeshika kalamu na orodha, upande wa pili umeshika karatasi ya familia, na anayeuliza sana huogopa kuonekana hajiamini au anaficha jambo.

Atasimama mwanasheria aseme kwamba sheria imekwisha kulifunga neno, na kwamba ofisi haiwezi kuendeshwa kwa maana zinazobadilika kama za stendi. Ni hoja ya haki na inastahili kujibiwa kwa sheria yenyewe. Mkataba wa Geneva wa 1951 ulimtambua kuwa mkimbizi aliyekimbia kwa kuogopa kuteswa kutokana na matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi ziliruhusiwa kuubana zaidi uwahusu waliotoka Ulaya tu. Itifaki ya 1967 ikaiondoa tarehe hiyo. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaongeza wale wanaokimbia uvamizi, ukoloni na matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma, hata kama hakuna aliyemwinda mtu huyo kwa jina lake. Katika miaka 18 neno moja limepewa maana tatu, na zote ni za kisheria. Uganda yenyewe ilikuwa na sheria ya 1960 iliyowaita wakimbizi wageni wa kudhibitiwa, ikadumu hadi Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilipokuja na lugha ya haki. Ukweli huu unaonyesha kwamba maana ya kisheria hukaa mahali kwa muda, kwa uamuzi wa watu waliokutana na kuiandika. Kama watu wanaweza kuiandika, wanaweza pia kuieleza.

Na eneo hili linajua gharama ya neno likiachwa bila maelezo. Oktoba 1982, wakati wa utawala wa pili wa Obote, vijana wa chama cha UPC na viongozi wa wilaya ya Mbarara waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda kutoka mashambani mwao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, maelfu wakasukumwa kuvuka mpaka na wengine wengi wakarundikwa katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda, watu ambao wazazi wao walikuwa hapo kabla ya wakimbizi wa Rwanda wa 1959 kufika. Jina "mkimbizi" lilitanuliwa likamfunika kila aliyesema Kinyarwanda, na halikuwapo pahala pa kupinga kutanuliwa huko. Julai 2010 likabanwa kwa upande mwingine. Wanyarwanda wapatao 1,700 walipakiwa kwenye malori katika makazi ya Nakivale na Kyaka II wakarudishwa Rwanda, serikali ikieleza kwamba walikuwa waombaji wa hifadhi waliokataliwa. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipinga zoezi hilo na kusema walikuwamo pia watu waliokwisha kutambuliwa kuwa wakimbizi. Tofauti kati ya maneno mawili ya Kiingereza ndiyo iliyoamua nani apande lori. Anayedhani mjadala wa maana ni wa walimu wa lugha peke yao ayatazame malori hayo.

Hata jina la mahali lina historia iliyogawanyika. Nakivale kwa Kiingereza ni "settlement", neno lililotokana na kiti katika Kiingereza cha kale: kumkalisha mtu, kumpa pa kuketi. Katika Afrika Mashariki mzizi huo huo ulituletea masetla, Wazungu waliojitwalia ardhi ya Kenya, na baada ya uhuru ukatoa miradi ya kuwagawia Waafrika sehemu ya ardhi hiyo. Kwa Mkenya mzee, basi, sauti ya neno hilo inamkumbusha umiliki, wa dhuluma kwanza na wa hati baadaye. Mkimbizi wa Nakivale hapati umiliki. Anapewa kiwanja cha kutumia, na kiwanja hicho kinaweza kupunguzwa wageni wapya wakija. Makao ya utawala wa makazi yanaitwa Base Camp, na mkuu wake huitwa "commandant", cheo cha kijeshi kilichobaki tangu zama za kudhibiti wageni. Neno "camp" lilitoka kwenye "campus" ya Kilatini, uwanja wazi, kama ule ambao Warumi walifanyia mazoezi ya kivita. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, wanasema wako kampasi; wakimbizi walio mwendo wa gari kutoka hapo wanasema wako kampu. Ni neno moja. Upande mmoja limekuwa heshima ya kijana aliyefaulu, upande mwingine limekuwa anwani ya mtu anayesubiri.

Ugumu unazidi kwa Wakongo na Warundi, kwa sababu wengi wao hufika na Kifaransa kidogo cha shule, na Kifaransa kinafanana na Kiingereza kwa sura huku kikitofautiana kwa maana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, kisha kila lugha ikaenda na njia yake. "Demander" ya Kifaransa ni kuomba tu, kwa adabu. "Demand" ya Kiingereza nayo ilianza hivyo hivyo, ikapita mahakamani, ambako mtu huomba kwa kudai haki yake, ikatoka ikiwa na ukali. "Prétendre" ni kudai kwamba jambo ni kweli. "Pretend" ilikuwa na maana hiyo pia, ndiyo maana wale wa ukoo wa Stuart waliodai kiti cha enzi cha Uingereza katika karne ya 18 wakaitwa "Pretender"; leo, mtu wa kawaida akilisema neno hilo, anazungumzia kujifanya na kuigiza. "Assister" ni kuhudhuria mkutano au kuwapo tukio likitokea, ilhali "assist" ni kusaidia. Fikiria mtu aliyeona mauaji kijijini kwake Kivu. Akijaribu kusema mwenyewe kwa Kiingereza alichokiunga kutokana na Kifaransa, anaweza kusema kwamba aliyasaidia mauaji aliyoyashuhudia na kwamba aliigiza habari aliyoitoa kwa kiapo. Hajadanganya hata kidogo. Ameyatumia maneno katika maana iliyokuwa ya Kiingereza chenyewe hapo zamani, au inayoendelea kuishi ng'ambo ya mlango wa bahari. Ofisa asiyejua historia hiyo ataona simulizi inayojipinga, na simulizi inayojipinga huhesabiwa kuwa dalili ya uongo.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na sitaki kuificha kwa kuwa ninakitetea. Tuchukue "case". Kwa wafanyakazi wa mashirika kila familia ni "case", yaani faili. Kiswahili kimelichukua neno hilo kutoka mahakamani likawa kesi, na mtu mwenye kesi ni mtu aliyeshtakiwa. Mkalimani akisema "kesi yako imefungwa", mmoja atashukuru kwamba ameachiwa, mwingine ataelewa kwamba safari yake ya nje imekufa. Tuchukue posho. Katika misafara ya zamani ilikuwa chakula cha kila mpagazi. Tanzania leo ni fedha ya kikao au ya safari. Katika migodi ya Katanga, kampuni ya Union Minière ilipowagawia wafanyakazi chakula, kiliitwa mposho. Uganda posho ni ugali wenyewe, ule wa mahindi, unaoliwa na maharage shuleni na magerezani. Watu wanne wa Afrika Mashariki wakiambiwa posho imepunguzwa, watatazama vitu vinne tofauti.

Na mgao umepunguzwa kweli. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliushusha hadi asilimia 70 ya kiwango kamili kwa wakimbizi wa Uganda, na Februari 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 likagawa familia kwa makundi: lenye uhitaji mkubwa likapata asilimia 60, la kati asilimia 30, na la tatu likaondolewa kabisa kwa hoja kwamba linajimudu. Makundi hayo kwa Kiingereza ni "category", na wakimbizi wanasema kategori. Kwa Wagiriki wa kale neno hilo lilikuwa mashtaka, maneno yanayosemwa dhidi ya mtu mbele ya umma, hadi Aristotle alipolitumia kwa kupanga aina za mambo. Hakuna aliyekusudia kuirudisha maana ya kale. Lakini mama aliyewekwa kundi la tatu bila kuelezwa kipimo kilichotumika anajiona kama aliyesomewa hukumu, na sioni kwamba anakosea. "Ration" yenyewe ina mzizi wa hesabu na sababu. Mgao wowote ni hesabu, na hesabu ina haki ya kuonyeshwa njia yake.

Neno linaloniumiza kuliko yote ni lile la kundi la tatu, "self-reliance". Kiswahili kina neno lake, na ni neno kubwa. Azimio la Arusha la 1967 liliweka kujitegemea kuwa nguzo ya taifa: watu kutumia ardhi yao, juhudi zao na uongozi wao bila kusujudia fedha za nje. Mwenye kujitegemea alikuwa na ardhi, na alikuwa na sauti katika siasa za nchi yake. Uganda na UNHCR walipoanzisha mkakati wao wa kujitegemea kwa wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1990, nia ilikuwa njema, na uhuru wa kufanya kazi na kutembea ulioandikwa katika sheria ya 2006 ni jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijalifikia. Hata hivyo, neno lilipofika kwenye orodha za mgao lilipoteza nguzo zake mbili. Familia isiyo na ardhi yake na isiyopiga kura inaambiwa inajitegemea, na maana ya vitendo ni kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya chakula. Msemaji wa Kiswahili anayelikumbuka Azimio la Arusha anaisikia sifa, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Kama ofisi inamaanisha kuondolewa kwenye mgao, iseme kuondolewa kwenye mgao.

Wapo watakaosema dawa ni moja: wakimbizi wajifunze Kiingereza. Wajifunze, na wengi wanajifunza kwa bidii, maana ndicho kinachofungua ajira Mbarara na Kampala. Lakini Kiingereza cha darasani hakifundishi maana za ofisini. Kamusi itamwambia mwanafunzi kwamba "protection" ni ulinzi. Haitamwambia kwamba huko Base Camp ni idara yenye meza na siku zake za kupokea watu. Kamusi itasema "vulnerable" ni mtu awezaye kujeruhiwa, na mzizi wake wa Kilatini ni jeraha. Haitasema kwamba hapa ni daraja linalopimwa kwa vigezo, na kwamba mtu mwenye majeraha halisi anaweza kukosa vigezo hivyo. Anayejua Kiingereza vizuri bado atahitaji kuelezwa.

Wengine wana shaka nzito zaidi: ukiyaeleza maneno hadharani utawafundisha waongo cha kusema. Shaka hii haitoki hewani. Uhakiki wa alama za vidole uliofanyika Uganda mwaka 2018 ulipata wakimbizi takribani milioni 1.1 badala ya milioni 1.4 waliokuwa kwenye vitabu, na kashfa ya tofauti hiyo iliwagusa maofisa, si wakimbizi peke yao. Lakini mwongo mwenye fedha hahitaji tangazo la ofisi. Maana za maneno zikiwa siri, huuzwa, na anayeshindwa kununua ni yule mkweli asiye na kitu. Kueleza maana ya "persecution" hakumpi mtu ushahidi wa kuteswa. Kunamwezesha aliyeteswa ajue kwamba jambo analoona aibu kulitaja ndilo hasa analoulizwa.

Linabaki swali la Kiswahili kipi, na kwa nini Kiswahili. Ni kweli kwamba Msomali na Mweritrea wana haki ya kuelezwa kwa lugha zao, na kwamba Kiswahili cha Uvira hakisemwi kama cha Dodoma. Ninapendekeza Kiswahili kianze kwa sababu ndicho kinachounganisha wengi zaidi kati ya Wakongo na sehemu ya Warundi, na kwa sababu serikali haina tena kisingizio: Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kitumike basi mahali ambako watu wa nchi hii na wageni wao wanakihitaji zaidi. Mwongozo wa UNHCR wa 1979 tayari unataka mwombaji apewe mkalimani stadi. Mkalimani wa Nakivale mara nyingi ni mkimbizi kijana, aliyeachiwa kubuni tafsiri ya neno zito huku ofisa akisubiri na mwenzake akitetemeka. Akosee leo, kesho mwingine abuni tofauti, na familia mbili zenye historia moja zitoke na majibu mawili.

Kazi yenyewe si kubwa. Maneno yapatayo 60 yangetosha kwa kuanzia: ya usajili, ya mahojiano, ya mgao, ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ya rufaa. Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR waseme kila neno wanalitumia kwa maana gani. Wakalimani na wazee wa Juru, Rubondo na Base Camp waseme wao wanalisikia kwa maana gani. Chuo Kikuu cha Mbarara kisimamie kazi ya kuandika, maana kina walimu na wanafunzi jirani kabisa na makazi hayo. Kila neno liwe na sentensi mbili tatu za Kiswahili chepesi na mfano mmoja, pamoja na onyo pale Kifaransa kinapopotosha. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na mtu aruhusiwe kuitaja katika rufaa akisema: neno hili mliniambia lina maana hii. Na ipitiwe upya kila mwaka, kwa sababu mgao wa 2019 haukuwa mgao wa 2023, na walioubadilisha ndio wanaopaswa kuja kusema umebadilika.